Bibi hakuwahi kunifumulia

Haya niliyasema Jumamosi mbele ya mabinti waliomaliza miezi sita ya kujifunza kusuka na kufuma huku Mbagala, wao na wazazi wao. Spika ilikata katikati, waliokaa nyuma hawakusikia, ndo mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na nimeongeza mawili matatu niliyoyakumbuka nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani.

Asalaam aleikum, bwana asifiwe, shikamooni mama zangu. Shikamooni na baba zangu, naona mko wachache lakini mmekuja na Mungu awalipe. Mabinti, hamjambo? Mmependeza kweli, na hizo kofia mlizovaa najua kila mmoja kafuma yake, nimezitazama toka nilipoingia getini.

Huu mfuko wa kaki nilioushika msiuogope, kuna kitu humu nitawaonyesha mwishoni, kwa sasa acha ukae hapa mezani.

Nimeambiwa niongelee kujifunza na kukua kupitia kazi za mkono. Sasa mi nimesuka toka utotoni na kufuma nimeanza nikiwa mtu mzima, na miaka yote hiyo nikijiuliza nini hasa kilinifundisha, narudi palepale kwenye neno moja ambalo kwenye risala yenu nzuri mliyosoma sikulisikia hata mara moja. Risala imetaja kusuka, imetaja kufuma, kushona, kukroshia, kupaka rangi. Kufumua haimo. Yaani miezi sita yote mmefumua, nina hakika mmefumua usiku na mchana, mmefumua mpaka mkalia, halafu siku ya kusimama mbele ya wazazi mkaliacha nje kama vile ni aibu ya ndani. Mi nataka leo niliongelee hilohilo.

Nimezaliwa kisiwani Mafia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msukaji wa mikeka, na kwetu jioni baada ya alasiri ukipita barazani unakuta kina mama wamekaa miguu wameinyoosha, kila mmoja ana ukili wake unaoteremka mapajani mpaka chini, mazungumzo yanaendelea na mikono nayo inaendelea. Kwa ambao hamjakulia pwani, ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, halafu kili nyingi zinashonwa pamoja ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa, hiyo ndo inakuwa mkeka. Mtu anauona mkeka umetandikwa anafikiri ni kitu kimoja, kumbe ni pima na pima za utepe.

Mtoto hapewi kusuka siku ya kwanza. Unaanza na ukindu wenyewe, chipukizi la mkindu linakatwa kabla halijafunguka, na bibi alikuwa mkali hapo, usikate vyote kwenye mti mmoja maana mti utadumaa. Unaanika juani mpaka ukijani uondoke. Halafu unachana, kila jani linapasuliwa kwa ncha ya sindano liwe chane nyembamba zinazolingana, na hapo kwenye kulingana ndo nilikaa karibu mwaka mzima, kila siku nachana, bibi anapitisha vidole anatupa kando zile nene, hasemi kitu. Kisha rangi, unachemsha kwenye sufuria bovu lililotengwa kwa kazi hiyo, zamani walikuwa wanatumia mdaa kupata nyeusi, siku zetu sisi rangi ilikuwa ya kupimiwa dukani kwa kijiko. Halafu chane zinaviringishwa kwenye kitambaa chenye unyevu ili zisivunjike. Baada ya yote hayo ndo mtoto anaambiwa haya, kaa, shika.

Nilikuwa na miaka 8. Nilisuka siku nne, nadhani nilifika karibu pima nzima, na nilikuwa naona fahari sijui niwaambieje, nilikuwa naubeba mpaka kisimani. Siku ya nne bibi akaniambia lete. Akaulaza mapajani, macho yake yako baharini kwenye jahazi lililokuwa linaingia, kiganja chake kinapita juu ya ukili taratibu, kinapita, kinapita, kikasimama. Akasema, hapa.

Nikatazama sikuona kitu. Mimi nilikuwa nimeona ukili umeanza kupinda mbele huko, kama shibiri moja, yaani kiganja kilichotanuliwa, baada ya pale alipogusa, na nilikuwa nimeamua ni unyevu tu, utanyooka ukikauka. Bibi akasema fumua mpaka hapa. Nikalia. Nikamwambia bibi nifumulie, wewe una mkono mwepesi. Akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka kesho, akasema, nikikufumulia mimi, utakosea palepale. Akarudi kwenye ukili wake, hakunigombeza wala hakunibembeleza, aliniacha nilie mpaka nikanyamaza nikaanza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hiki ndo nimekibeba kutoka Mafia mpaka leo. Nilivyokuwa nafumua nikafika pale ukili ulipoanza kupinda, nikatafuta kosa, halipo. Chane zote zimepita sawa, mbili juu mbili chini, mbili juu mbili chini. Nikaendelea kurudi nyuma, nikafika pale kiganja kiliposimama, na hapo ndo nikakuta chane moja imepita juu ya tatu. Moja tu! Kosa lilifanyika pale, lakini kupinda kulianza kuonekana shibiri nzima mbele. Ningefumua pale panapoonekana pabaya tu nikasuka upya, ningesuka vizuri kabisa juu ya kosa na ukili ungepinda tena, na ningesuka tena, na tena, mpaka ningesema mimi sina mkono wa kusuka. Wangapi hapa wameshasema hivyo, mimi sina mkono? Wangapi wameacha hesabu, wameacha kingereza, wameacha biashara, kwa sababu walikuwa wanarekebisha pale panapoonekana?

Na kitu kingine, chane iliyofumuliwa hainyooki kama mpya. Inabaki na mikunjo, kila ilipopita juu na kila ilipopita chini pameacha alama. Bibi akanionyesha nizirudishe kwenye kitambaa chenye unyevu, lakini kabla ya hapo akaniambia nizitazame, maana ile mikunjo inakusomea safari yote, hapa ulikuwa umetulia, hapa ulikuwa na haraka, hapa ulikuwa unatazama wenzio wanaocheza. Na kweli nilikumbuka. Pale penye kosa ndo siku mjomba alirudi na samaki wengi sote tukakimbilia ufukweni.

Nikaja kusoma bara. Shule niliyosoma siitaji, ilikuwa na kipindi cha kazi za mikono na mwalimu wetu alikuwa hodari, mkono wake ulikuwa mzuri sana. Lakini ukikosea anakupiga rula kwenye vifundo vya vidole, halafu anachukua mkasi anakata uzi wako, anakupa kipande kingine uanze. Hamna kufumua. Kitambaa kilichokatwa kinatupwa na kosa lako limo humohumo hujaliona. Unajua tulichojifunza? Tulijifunza kuficha. Tulijifunza kukunja kitambaa vizuri upande mbaya uingie ndani, tulijifunza kukaa nyuma, mimi nilikuwa na miaka 11 na nilikuwa fundi wa kuficha kuliko kushona. Ilinichukua miaka mingi kuja kuacha tabia hiyo na sina uhakika wote tuliosoma naye walifanikiwa.

Kwa hiyo mama zangu mlioko hapa na walimu wa mafunzo haya, nawaomba kwa heshima zote. Binti akikuletea kazi iliyopinda, mkasi uwe mbali. Na kuna wengine hamna ukali, mna huruma, na huruma nayo ina hasara yake, unamwonea huruma unachukua kazi usiku amelala unamfumulia na unamsukia kidogo ili kesho aendelee, asubuhi anakuta imenyooka. Umempa mkeka, umemnyang'anya alichokuwa anakaribia kukijua. Mkalishe, kaa pembeni yake, mwonyeshe kwa kidole hapa, basi, inatosha.

Tuna bahati lugha yetu inalijua jambo hili. Sisi wanawake ukisema kusuka, mtu wa kwanza anafikiria nywele, na kila aliyesuka nywele anajua lazima utafumua, hamna anayesuka akakaa nazo mwaka. Watoto wetu wamekaa katikati ya miguu yetu wanafumuliwa toka hawajui kuongea. Uzi nao ni hivohivo, kufuma, kufumua, neno ni lile moja limegeuzwa mwishoni tu. Aliyefuma nguo zamani alikuwa na mtande, nyuzi zinazotangulia kunyooshwa, na mshindio, uzi unaopita katikati yake kwenda na kurudi. Haya ni maneno yetu, hatujaazima, na maneno hayawi mengi hivyo mahali ambapo kazi haikuwepo.

Na kazi ilikuwepo. Kilwa wamechimbua vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vilikuwa uzito wa pia ya kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo za pale zinapelekwa mpaka Misri. Misri, ambako walikuwa na nguo zao! Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Sofala, kule Msumbiji. Mreno mmoja, Duarte Barbosa, kwenye miaka ya 1516 hivi aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walilima pamba wakafuma nguo nyeupe nyingi, ila rangi hawakuwa nazo. Sasa walifanyaje? Walinunua nguo za buluu na za rangi zilizotoka Cambay, India, wakazifumua. Wakatoa uzi mmoja mmoja, wakauchanganya na uzi wao mweupe, wakafuma nguo mpya, wakauza, wakapata dhahabu.

Hebu fikirieni hilo. Una nguo nzima mpya iliyosafiri bahari nzima, umeitolea mali, halafu unakaa chini unaifumua. Mimi nikisoma hapo huwa najiuliza yule mfumi wa Sofala alijua mambo mangapi ya mfumi wa Cambay ambayo hakuna aliyekaa kumfundisha. Uzi umesokotwa upande gani, umekazwa kiasi gani, mshindio umepita wapi, yote hayo mkononi mwake, maana nguo ukiifumua inakwambia ilivyofumwa. Huyo kwangu ni mwanafunzi.

Baadae ilikuja merikani, nguo za viwandani kutoka Marekani, karne ya 19 zikajaa Zanzibar mpaka bara, bei rahisi, na wafumi wengi wakaweka chini pia zao, hata kule Ufipa walikokuwa wanafuma pamba. Sitaki kukaa sana hapo, inaniuma. Mikeka ilibaki kwa sababu haikupata mshindani mapema, na kwa sababu mtu wa pwani anazaliwa juu ya mkeka, anaolewa juu ya mkeka, na siku yake ikifika anatolewa ndani juu ya mkeka. Siku hizi nikisema mkeka mbele ya vijana wa kiume wanafikiria kubeti. Vijana wangu mlioko pale mlangoni, neno hilo lina wenyewe.

Na nikiwa hapohapo kwa wanaume. Kuna baba mmoja ameniuliza wakati tunaingia, kwa nini mtoto wake wa kiume ameomba kujiunga mafunzo yajayo, na uso wake ulikuwa na wasiwasi. Baba yangu, kwetu Mafia dema la kuvulia samaki linasukwa na wanaume, matundu yake yana pembe sita na yote yanalingana, na ukikosea tundu moja samaki anatoka au mwingine haingii. Nyavu zinafumwa na kuzibwa na wanaume. Mwache mtoto aje.

Sasa niwaambie kosa la ukubwani, msifikiri niliacha kukosea nilipoondoka Mafia. Tulikuwa kina mama 6, tukapata oda ya vikapu 40 vya ukili, mnunuzi anataka kila kimoja mdomo wake sentimita 30, wote sawa kwa sababu vinapangwa vikiwa vimeingia ndani ya masanduku. Tukagawana. Na sisi tumezoea kupima kwa shibiri, tukakubaliana shibiri moja na nusu, kila mtu akaenda kwake akafanya kazi nzuri. Jamani, shibiri za watu 6! Mwenzetu mmoja ni mrefu ana mkono kama wa mvuvi, mwingine mdogo kama binti wa darasa la tano. Mnunuzi akachukua 17, 23 akarudisha. Usiku ule tulikaa tumezungukwa na vikapu hamna anayeongea, wengine wakasema tuviuze barabarani kwa bei ya kutupa turudishe hela ya ukindu.

Nikasema tufumue. Wiki tatu. Na hapa tulichokifanya ambacho nakipenda mpaka leo, tulibadilishana, kila mmoja akafumua kikapu cha mwenzie. Huo ndo ulikuwa utaratibu pekee mle ndani, kwamba ukishafumua unamwambia mwenye kikapu ulichokiona. Mmoja wetu miaka yote anashona akiwa amekaza mno, ndo maana vikapu vyake vinavuta mdomo ndani, hakuwahi kujua. Mimi nikaambiwa nikiongezea chane mpya mkia nauacha mfupi, ndo maana vikapu vyangu vinaanza kuchomoka baada ya miezi kadhaa. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi kuniambia, walinunua tu kwingine. Tukakata kijiti cha sentimita 30, kila mtu kijiti chake, kimekatwa kwa kufuatishwa na kimoja, na mpaka leo ninacho kwenye mkoba, hiki hapa.

Naona mabinti mnatazamana, mnafikiri hesabu hizi za vijiti ni za vikapu tu. Hebu tuje kwenye kofia zenu. Nani hapa kofia yake ya kwanza ilitoka kama sahani? Na nani ilitoka imejikunja ukingoni kama jani la sukuma wiki? Nyosheni mikono, msione aibu, nyosheni. Mnaona, karibu nusu.

Mnaanza na vitanzi 6 kwenye duara. Raundi ya pili vinakuwa 12, ya tatu 18, ya nne 24, kila raundi mnaongeza 6, na duara linalala chini bapa. Mkiacha kuongeza, kuta zinasimama, mnapata kofia. Mkiongeza zaidi ya hapo, nafasi haitoshi, ukingo unaanza kupanda na kushuka, unajikunja. Yule binti aliyepata sukuma wiki alidhani kaharibu, na kama alitaka kofia basi kweli aifumue. Lakini kabla hajafumua ningependa ajue hadithi hii.

Wanahisabati kwa miaka mingi walikuwa wanajua kwa karatasi na kalamu kwamba kuna aina ya uso ambao haulali bapa kama meza wala haujifungi kama chungwa, unajikunja kila sehemu yake, wanaita jiometri ya haipaboliki. Walikuwa wanaunganisha vipande vya karatasi kuwaonyesha wanafunzi, vinachanika. Mwaka 1997 mwanamama mmoja kutoka Latvia, Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alichukua uzi na ndoano ya kroshia akafuma, akawa anaongeza vitanzi kwa kiwango kilekile raundi baada ya raundi, na uso ule ukatoka mkononi mwake, unaushika, unaukunja, hauchaniki. Maprofesa wakaweza kushika kwa mkono kitu walichokuwa wanakifikiria tu. Binti yangu mwenye sukuma wiki, ulikuwa umeshika hesabu hiyohiyo na ukaificha chini ya kiti.

Mi nilipoiona picha ya kazi ile mara ya kwanza nilisema haya ni matumbawe. Nimekua nikiyaona, maji yakikupwa unayaona yamejikunja hivohivo, na kwetu bahari ile imekuwa hifadhi tangu 1995, ndo ya kwanza nchini. Kumbe sikuwa peke yangu, kuna ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, wa Los Angeles, wao walianza mwaka 2005 kukroshia mwamba mzima wa matumbawe kwa njia hiyo, na watu wa nchi nyingi wakafuma vipande vyao wakaunganisha. Nyuzi tu, na kuhesabu.

Na nyie mnaopenda simu, mashine ya kufumia ya Joseph-Marie Jacquard, Ufaransa, mwaka 1804, ilikuwa inaongozwa na kadi zenye matundu, penye tundu uzi unapanda, pasipo tundu unabaki. Baadae Charles Babbage wa Uingereza alipobuni mashine yake ya kukokotoa akachukua wazo la kadi hizo. Juu, chini, juu, chini. Bibi yangu angeelewa bila kufafanuliwa.

Nikitaja simu, niseme na hili. Video zipo nyingi sana za kufundisha kufuma na ni nzuri, nami nimejifunzia humo sweta la mtoto, sikatai. Ila mmeangalia wanachoonyesha? Mikono misafi, uzi mpya, kila kitanzi kinaingia. Akikosea anakata kipande hicho cha video, unaona inaruka. Kwa hiyo binti anakaa chumbani peke yake, yake imepinda, ya kwenye simu imenyooka, na hamna wa kumwonyesha kwamba yule naye alifumua mara tatu kabla ya kurekodi. Anazima simu anasema sina kipaji. Ndo maana nawaambia msiache kukaa pamoja baada ya mafunzo haya. Kodi ya chumba ni shida, najua, nauli ni shida, kaeni hata chini ya mwembe wa mtu, hata mara moja kwa wiki, na siku ya kukaa pamoja msije na zile zilizokamilika. Zile nendeni nazo sokoni. Njooni na zilizopinda.

Kuhusu bei na masoko nimeona kuna mama wa benki ataongea baada yangu, anajua zaidi, namwachia. Nasema tu msijipunje hela ya saa za kufumua. Zihesabuni, ni kazi.

Sasa nifungue mfuko.

Huu ni ukili, kama mnavyoona. Mzuri sana, chane zake nyembamba, nyeupe na zambarau, hamna duka litakalowauzia hivi. Ni wa bibi. Miaka yake ya mwisho macho yalikwisha kabisa, alikuwa anasuka kwa kugusa, mimi namtenganishia chane za rangi nampa mkononi, hii nyeupe bibi, hii zambarau. Alifariki alfajiri moja wakati wa kaskazi na mimi nilikuwa safarini nikitokea huku Dar, nikamkuta ameshasitiriwa. Mama akanikabidhi kikapu chake cha kazi, ndani ukili huu ukiwa hivihivi mnavyouona.

Tazameni upande huu. Ncha iko wazi, chane zimetawanyika, zina mikunjo. Kwanza nilidhani alikuwa hajafika mwisho, alikuwa anaendelea kusuka. Nikakaa nao usiku ule na taa, nikapitisha kiganja kama yeye, na hapa, vidole vinne kutoka pale ulipoachiwa, hapa nilipoweka kidole gumba, chane moja imepita juu ya tatu. Alikuwa ameligusa. Alikuwa anafumua kurudi, haoni, na alikuwa amebakiza vidole vinne.

Nawapa muupitishe, upokezaneni taratibu, ushikeni kwa viganja viwili, chane zimekauka sana zinavunjika.